Kaniki ya Abeokuta: Nilivyojifunza Kuvaa kwa Kiyoruba

Kifurushi kilifika mchana, Mama akiwa anachambua mchele. Ndani mlikuwa na kitambaa cha buluu iliyokolea, karibu nyeusi, chenye michoro myeupe ya duara na mistari, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: nani avae nini siku ya harusi. Mdogo wangu anaolewa na kijana wa Kiyoruba, kwao Abeokuta, kusini-magharibi mwa Nigeria. Wakwe walikuwa wametutumia aṣọ ẹbí, yaani nguo ya ukoo, sare ya watu wa nyumba moja. Kwa desturi yao hiyo ni heshima kubwa: wamekwisha kutuhesabu kuwa ndugu.

Mama alishika pindo la kitambaa, akakinyanyua kwenye mwanga, akakirudisha kwenye mfuko wake.

"Kaniki," akasema. "Harusi ya mwanangu, navalishwa kaniki?"

Mimi na mdogo wangu tulitazamana. Sisi ni watoto wa kitenge na dela. Kaniki kwetu ni neno la hadithi za bibi. Lakini Mama hakuwa anatania. Jioni hiyo hakula. Na karatasi ile ya maagizo, yenye maneno kama gèlè na ìpèlé, ikabaki mezani kama barua ya mahakama ambayo hakuna aliyetaka kuisoma.

Nikaamua kuisoma mimi. Ndivyo nilivyoanza Kiyoruba, kupitia kabati la nguo.

Mwalimu wangu alikuwa shemeji mwenyewe, kwa sauti za WhatsApp usiku. Daftari langu la wiki ya kwanza ni la mtoto wa chekechea: aṣọ, nguo. Ẹ̀wù, vazi la juu. Ṣòkòtò, suruali. Fìlà, kofia. Bàtà, viatu. Àpò, mfuko. Òrùka, pete. Ìlẹ̀kẹ̀, shanga. Herufi yenye kitone chini, ṣ, husomwa kama "sh" yetu. Ẹ na ọ ni "e" na "o" za mdomo uliopanuka zaidi. Vitone hivyo navyo vina historia. Samuel Ajayi Crowther, aliyetekwa utumwani akiwa kijana mwaka 1821 na kukombolewa baharini mwaka uliofuata, alichapisha msamiati wa Kiyoruba mwaka 1843. Mwaka 1844 Krapf alifika Mombasa, kwa shirika lilelile la misheni ya Kianglikana, akaanza kuandika maneno ya Kiswahili. Lugha zetu mbili zilianza kuandikwa kwa herufi za Kilatini na misheni moja, karibu wakati mmoja, ila Kiyoruba kilikuwa na bahati ya kuandikwa na mwana wa lugha. Tahajia yake ilikubaliwa kwenye mkutano wa Lagos mwaka 1875.

Vitone si tatizo. Tatizo ni toni. Kiyoruba kina sauti tatu, ya chini, ya kati na ya juu, na watoto hufundishwa kwa kuimba dò, re, mí. Alama inayoshuka juu ya irabu ni dò, inayopanda ni mí, isiyo na alama ni re. Kwa sikio la Kiswahili, lililozoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho na kupumzika, hii ni adhabu. Usiku mmoja nilisema nimenunua viatu, bàtà. Shemeji akacheka mpaka simu ikakatika. Kumbe nilipandisha sauti mwishoni, ikawa bàtá, ngoma ya Ṣàngó, mungu wa radi. Nilikuwa nimetembea mjini na ngoma miguuni. (Na kwa sisi tuliokulia viatu vya shule vya Bata: neno la Kiyoruba halihusiani kabisa na kampuni hiyo, ambayo ilianzishwa na familia ya Baťa kule Zlín mwaka 1894. Na bata wa Kiswahili naye anaogelea kivyake.)

Halafu likaja la suruali. Ṣòkòtò ni dò, dò, dò. Ukipandisha zote na kuitamka herufi ya kwanza "s", unapata Sókótó, mji wa kaskazini mwa Nigeria uliokuwa makao ya dola ya Kiislamu iliyoanzishwa na Usman dan Fodio mwanzoni mwa karne ya 19. Nilikuwa nimemwambia shemeji kwamba suti yake inahitaji Sokoto mpya. Ndipo aliponipa methali ambayo kila Myoruba anaijua: kile tunachokwenda kukitafuta Sókótó kimo mfukoni mwa ṣòkòtò. Safari ya miezi kwa ngamia, na kitu kiko mfukoni mwako. Nikaiandika kwenye daftari kama mchezo wa maneno. Sikujua kwamba itanirudia.

Nomino nilizimudu. Kilichonishika ni vitenzi.

Sisi Waswahili tunavaa. Tunavaa shati, tunavaa kofia, tunavaa viatu, tunavaa miwani, hata sura ya huzuni tunaivaa. Tuna kujifunga kanga, kujitanda mtandio, kupiga kilemba, lakini "vaa" itakuokoa popote. Kwa Kiyoruba haikuokoi. Kitenzi wọ ni cha nguo unayoingia ndani yake: wọ ẹ̀wù, wọ ṣòkòtò, wọ bàtà. Kofia huingii ndani yake. Kofia inakufunika, kwa hiyo ni dé fìlà, kwa kitenzi kilekile cha kufunika chungu. Taji ni adé, na ukilisikiliza vizuri unaisikia dé ndani yake. Kilemba cha wanawake, gèlè, huzungushwa: wé gèlè. Na ìró, ile nguo ya kujifunga kiunoni, ina kitenzi chake, ró. Ró ìró. Pete na hereni huzivai, unaziweka.

Kuvua nako hivyohivyo. Shati ni bọ́. Kofia ni ṣí, kama kufungua mlango. Gèlè ni tú, kufungua fundo. Kila nguo ina namna ya kuingia mwilini na namna ya kutoka.

Mwanzoni niliona ni usumbufu. Baadaye nikaona kwamba lugha hii inakumbuka mikono. Kitenzi kinakuambia mwili ulifanya nini: uliingia, ulifunikwa, ulizungushiwa, ulifungwa. Hata vitu vilivyokuja na wageni vilipokelewa kwa macho hayohayo. Sisi tulichukua soksi na glavu kwa Waingereza pamoja na majina yake. Wayoruba walitazama soksi wakasema ìbọ̀sẹ̀, kitu cha kutumbukiza mguu. Glavu ikawa ìbọ̀wọ́, cha kutumbukiza mkono. Hereni ni yẹtí, kinacholipendeza sikio. Lakini si kwamba waliziba masikio: mkanda wengi huuita bẹ́líìtì, na wala hawaoni haya.

Maneno mengine kwenye orodha yametembea kuliko sisi. Dàńṣíkí, shati fupi lisilobana, linatoka kwa Kihausa, ɗan ciki, "la ndani", kwa kuwa lilivaliwa chini ya joho kubwa. Shati hilo la ndani likatoka nje, likavuka Atlantiki, na kwenye miaka ya 1960 likawa vazi la fahari ya Weusi wa Marekani. Ndiyo miaka hiyohiyo, 1966, Maulana Karenga alipoanzisha Kwanzaa kwa maneno ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima. Fikiria picha hiyo: mtu wa Los Angeles, mdomoni Kiswahili, mwilini vazi la Magharibi. Mdogo wangu na shemeji hawakuwa wa kwanza kuoana.

Na kitenge? Wao wanakiita ànkárá. Kitambaa ni kilekile, kilichozaliwa kwa Waholanzi kuiga batiki ya Java viwandani. Vlisco ya mji wa Helmond ipo tangu 1846. Mama ana kabati zima la ànkárá na hajui. Angeletewa hicho, asingenuna hata dakika moja.

Lakini alichotumiwa si hicho. Alitumiwa àdìrẹ.

Neno lenyewe ni mapishi: àdì, kufungwa, rẹ, kuchovywa. Nguo inayofungwa kisha ikachovywa rangi. Wanaofunga kwa uzi wa ukindu wanapata duara na nyota. Wengine huchora kwa uji mzito wa wanga wa muhogo, kwa unyoya wa kuku, na pale palipopakwa rangi haishiki. Rangi ni nili, kutoka majani ya mti wanaouita ẹ̀lú, yanayotwangwa, kufanywa madonge na kukaushwa, kisha kuvundikwa mitungini kwa maji yaliyochujwa kwenye majivu. Nguo ikitolewa mtungini huwa ya kijani. Inakuwa buluu mbele ya macho yako, ikipigwa na hewa. Inachovywa tena na tena mpaka ikaribie kuwa nyeusi, na mikono ya mchovyaji inabaki buluu hata akienda sokoni, hata akienda msibani.

Abeokuta, "chini ya jiwe", ulianzishwa mwaka 1830 na Waegba waliokimbia vita, wakajificha kwenye mwamba wa Olumo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa mji mkuu wa àdìrẹ. Kitambaa cheupe kilitoka viwanda vya Uingereza, wanawake wa Abeokuta wakakitia nili, na wafanyabiashara wakaja kukinunua kutoka mbali, Senegal na Gold Coast. Kisha ikaja miaka ya 1930, dunia ikayumba, bei zikaanguka. Wachovyaji wakaanza kutumia rangi za dukani na soda kali ili kazi iende haraka. Mfalme, Alake Ademola wa Pili, akapiga marufuku, wanawake wakapinga. Hapo serikali ya kikoloni na ikulu wakajifunza kwamba wenye mikono ya buluu wanajua kuandika malalamiko.

Na sasa nifike kwenye neno lililonifanya nisimame.

Katika Aké, kumbukumbu za utoto alizochapisha mwaka 1981, Wole Soyinka, mzaliwa wa Abeokuta, anasimulia jinsi mama yake na wake wenzake wa wachungaji na walimu walivyokuwa wakikutana. Hao waliitwa oníkàbà, wenye magauni. Chini yao, nje ya chumba, walikuwa wanawake wa sokoni, aróṣọ. Wakati naisoma miaka iliyopita nililipita neno hilo. Safari hii nililiona kwa sababu nilikwisha kulilipia: a-ró-aṣọ. Wanaojifunga nguo. Kile kitenzi changu cha daftarini, ró. Mji mzima ulikuwa umegawanyika kwa kitenzi: wanaoingia ndani ya gauni, na wanaojifunga.

Mwenye kuongoza mikutano ile alikuwa Funmilayo Ransome-Kuti, aliyezaliwa mwaka 1900, msichana wa kwanza katika shule ya sekondari ya mji ule, aliyesoma Uingereza na kurudi mwaka 1922. Klabu yake ya wanawake wasomi, iliyoanza 1932, ilikuwa ya mambo ya kushona na kupika keki. Miaka ya 1940 wanawake wa sokoni walianza kuingia, wakitaka kujifunza kusoma, wakaleta na vilio vyao: mchele wao kunyang'anywa, na kodi waliyotozwa wanawake tangu 1918. Mwaka 1946 klabu ikageuka kuwa Umoja wa Wanawake wa Abeokuta. Na Funmilayo akafanya jambo ambalo kwenye vitabu vya historia hupewa sentensi moja: aliacha magauni. Akajifunga ìró, akavaa bùbá, akazungusha gèlè, kama mwanamke yeyote wa sokoni. Kwenye mikutano akasema Kiyoruba, hata mbele ya wakubwa wa Kiingereza, wakalimani wakahangaika.

Alihama kitenzi. Kutoka wọ kwenda ró.

Mwishoni mwa 1947 maelfu ya wanawake walilala nje ya ikulu ya Alake. Mwaka 1948 mfalme akaondoka mjini, na Januari 1949 akajiuzulu. Alirudi baadaye, siasa ni siasa, lakini hakuna aliyesahau nani alimtoa.

Niliyapeleka haya yote kwa Mama kama mtoto anayeleta matokeo ya mtihani. Nilimkuta barazani. Nikamweleza mitungi ya nili, wanawake wenye mikono ya buluu, mfalme aliyekimbia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja.

"Na hao waliotwanga hayo majani, wote walikuwa huru?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikwisha kusoma. Abeokuta ya karne ya 19 ilikuwa na watumwa wengi, na ilikuwa na ìwọ̀fà, watu waliowekwa rehani kufanya kazi mpaka deni la ndugu zao lilipwe. Wachovyaji wakubwa walikuwa na mikono mingine chini ya mikono yao. Nikamwambia hapana, si wote.

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji sahihi. Ndipo akanieleza kitu ambacho katika miaka yangu arobaini sikuwahi kukisikia. Bibi yake alizaliwa Pangani, kwenye shamba la miwa, mtoto wa mtumwa, na mwenyewe mtumwa. Sisi tunapenda kusema utumwa uliisha Zanzibar mwaka 1897. Tunasahau kwamba bara, Wajerumani hawakuufuta. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilikuja na Waingereza mwaka 1922. Bibi huyo alikuwa msichana mkubwa, na nguo yake ilikuwa kaniki, kipande cha nguo nyeusi-buluu kutoka India, ambacho hakikuwa na ua wala jina. Ukiivaa, kila mtu njiani anajua unatoka jikoni kwa nani.

"Siku aliyopata kanga yake ya kwanza," Mama akasema, "alivua kaniki akaichoma moto. Akawaambia wanawe: katika nyumba yangu haitaingia tena. Nami sikuiingiza. Leo inakuja kwa ndege, imefungwa na utepe."

Yapo maandishi juu ya jambo hili. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 juu ya Zanzibar, Pastimes and Politics, anaonyesha jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoacha kaniki na marekani na kukimbilia kanga, nguo yenye rangi na baadaye yenye maneno, kujionyesha kuwa ni watu wa mji. Kitabu hicho ninacho. Nimekipigia mistari kwa kalamu. Na mwenye habari zake alikuwa akinipikia chai kila asubuhi, na mimi niko nje natafuta Sókótó.

Sikumwambia Mama kwamba amekosea, kwa sababu hakukosea. Nili ni moja, ila huku ilikuwa alama ya asiye na kitu, na kule ilikuwa mtaji, fahari, na sare ya wanawake waliomtikisa mfalme. Nilichomwambia ni hiki tu: kwamba Funmilayo alipojifunga ile nguo alikuwa anashuka kwa hiari yake kuwafuata waliokuwa chini, na bibi yetu alipoichoma alikuwa anapanda kwa hiari yake. Wote wawili walichagua. Wote wawili walijua kwamba watu watasoma.

Mama akanyamaza sana. Kisha: "Huyo mama mkwe, ana umri gani?"

"Kama wako."

"Mpigie."

Shemeji alikuwa amenionya: kwa mzazi usitumie amri tupu ya rika, tanguliza ẹ, ya heshima, kama sisi tunavyotanguliza shikamoo. Nikamsalimia, "Ẹ kú alẹ́, mà," kwa toni zilizonitoa jasho, na mwanawe akakaa pembeni kutafsiri. Mama hakuzunguka. Akamweleza kaniki, Pangani, na moto. Upande wa pili pakawa kimya mpaka nikaangalia kama salio limeisha. Kisha yule mama akasema, kwa sauti ya chini, kwamba bibi mzaa babu yake aliwekwa ìwọ̀fà kwa mchovyaji akiwa na miaka kumi, kwa deni la kaka yake, na ndiko alikojifunzia kazi iliyowalisha wote. Wakaanza kuulizana mambo mengine, ya bei ya vitunguu na magoti yanayouma. Mimi na shemeji tukawa wakalimani wa magoti.

Walikubaliana wenyewe, bila sisi. Mama atavaa àdìrẹ juu, bùbá. Chini atajifunga kanga, nyekundu na nyeupe, aliyoichagua mwenyewe. Na doti nyingine kama hiyo itakwenda Abeokuta, kwa mama mwenzake, naye atajifunga siku hiyo. Gèlè Mama ameikataa kabisa. Amesema hawezi kubeba jahazi kichwani. Huo ni mjadala wa siku nyingine.

Jana usiku alinikuta na daftari. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye orodha, aṣọ, ẹ̀wù, ṣòkòtò, akaguna.

"Na kanga? Kanga wanasemaje, inavaliwa?"

"Hapana, Mama. Ró."

"Ró," akarudia. Toni ya juu, sawasawa, mara ya kwanza tu.